Marufuku ya Watu Watano

Pombe ilikuwa imeshaanza kuongea.

Ukiuinamia mtungi unaisikia kabisa, inachemka chinichini kama watu wanaosengenyana chumba cha pili. Melania alikuwa anaisikiliza tangu alfajiri. Anainama, anasikia, ananyanyuka, anatoka nje kuangalia mawingu, anarudi, anainama tena. Mtoto wake Donatus, ambaye ndiyo kwanza anatambaa, kashachoka kumfuata. Kakaa mlangoni anakula udongo.

Mtama wa ile pombe ulikuwa wa mwisho. Yaani wa mwisho kweli, Melania alifagia mpaka sakafu ya kihenge. Na pombe ya mtama haina subira na mtu. Leo inaongea, kesho imeiva, keshokutwa ni kali mpaka meno yanakufa ganzi, na siku inayofuata unamwaga.

Na shamba lilikuwa halijaguswa hata kwa kidole.

Hii ni Didia, Shinyanga, mwaka wa hamsini na tano. Mvua ya kwanza ilikuwa imeshanyesha, ardhi imelainika, majirani wenye wanaume nyumbani wameshaanza kugeuza udongo. Mume wa Melania, Nkwabi, alikuwa ameenda Geita kuchimba dhahabu kwenye mgodi mmoja wa Wazungu. Halafu ikaja habari, imeletwa na mtu aliyepita na baiskeli: Nkwabi kafungwa. Kosa lake? Eti yeye na wachimbaji wenzake walikaa chini ya mti baada ya kazi, wakaulizana kwa nini wanashushwa shimoni na taa zinazozimika. Basi. Wakaambiwa hiyo ni siasa, wakabebwa.

Kwa hiyo jembe lilibaki moja. Na jembe la mtu mmoja na mvua ya Shinyanga havijawahi kukimbia mbio sawa. Hapa ukichelewa kupanda umeshakula njaa ya mwakani.

Lakini Wasukuma hilo walishalitatua zamani, kabla ya babu wa babu. Huna mikono? Unapika pombe. Unamwambia nsumba ntale, yule kiongozi wa vijana wa kijiji. Siku ikifika anapiga ngoma, vijana wanatoka kila upande na majembe, wanajipanga mstari, wanalima kwa kucheza bugobogobo, majembe yanapanda pamoja yanashuka pamoja, udongo unaruka, mpaka shamba lote limegeuka. Halafu mnakaa, mnakunywa. Leo kwako, kesho kwangu. Hakuna anayemdai mwenzake.

Sasa shida ilianzia hapo.

Wiki ile ile Mwanangwa Thobias, mkuu wa kijiji, aliitwa kwenye baraza la mtemi. Bwana Shauri mwenyewe alikuwepo, Mzungu wa wilaya, mwekundu kwa hasira. Akasema siasa isikanyage nchi hii, na mikutano bila kibali ni marufuku, na mwanangwa atakayefumba macho atavuliwa kofia. Thobias alisikiliza amesimama, jasho linamtoka. Njiani, juu ya baiskeli, akawa anajiuliza: mkutano ni watu wangapi? Hakuna aliyesema. Na yeye hakuuliza, nani amuulize Bwana Shauri? Basi akajipimia mwenyewe, kwa woga wake. Alipofika Didia akatangaza:

"Watu wakizidi watano mahali pamoja, hiyo ni siasa! Na ngoma ni siasa!"

Watu wakacheka. Halafu wakaona hacheki.

Mwamvua ndiye aliyekuja kumwambia Melania. Mwamvua alikuwa jirani yake, mwanamke wa Tabora, mfanyabiashara wa chumvi na kanga kule mnadani Tinde, mdomo hauna pazia.

"Mama Donatus, umesikia mwanangwa wako? Ngoma imekuwa siasa."

"Na pombe yangu je?"

"Pombe itakuwa siasa ikishaingia tumboni." Mwamvua akakaa chini, akamtoa mtoto udongo mdomoni. "Mimi nashangaa. Kwetu mama yangu akinituma na chungu cha mafuta, ananiambia kibebe kwa siasa mwanangu. Yaani polepole, kwa akili, kisimwagike. Sasa leo neno hilo hilo linafunga watu!"

"Mwamvua, usinichekeshe. Nina roho juu."

"Sikuchekeshi. Nenda kamwombe. Mtu mwoga ukimwendea peke yake anakuwa binadamu."

Melania akaenda. Alikwenda mbio mbio kama mtu aliyeacha chungu motoni, mtoto mgongoni. Akamkuta Thobias uani kwake anatazama dume lake jeusi likitoka kwenda malishoni. Hilo dume ni jingine, bwana! Shingo pana, ngozi inang'aa, likitembea ng'ombe wengine wanapisha. Thobias alikuwa analisindikiza kwa macho kama bwana harusi.

Melania akapiga magoti, akamwamkia kwa Kisukuma. "Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu. Mama, najua kilichokuleta. Jibu ni hapana."

"Sijasema bado."

"Pombe imeiva?"

"Inaiva kesho."

"Kanywe na Mwamvua."

"Baba, yule hanywi, ni Mwislamu." Akabaki pale pale magotini. "Niruhusu kesho moja tu. Jilala apige ngoma, vijana walime, waondoke. Mimi nitapanda nini nisipolima? Huyu mtoto atakula nini?"

Thobias akashusha sauti. "Wewe mume wako amefungwa kwa nini?"

"Kwa siasa."

"Sasa! Mtaa mzima ukijaa kwenye shamba lake, ngoma inalia, na kesho tarishi wa mtemi anapita, mimi nitasema nini? Ningekuruhusu ungekuwa mke wa mtu mwingine. Shamba lako ndilo watakaloangalia kwanza."

"Baba, hiyo siasa ni kitu gani hasa?"

Thobias akaangalia kushoto na kulia. "Siasa ni… watu wakikaa wakakubaliana."

"Wakakubaliana nini?"

"Chochote."

"Hata kulima?"

"Kulima ndiyo mbaya zaidi! Wakilima watachoka, wakichoka watakaa, wakikaa watakunywa, wakinywa wataongea. Nyanyuka, mama. Nenda nyumbani."

Akarudi. Akashika jembe lake akaenda shambani peke yake, hata hakula. Akalima mpaka viganja vikatoka malengelenge. Alipogeuka kuangalia alicholima, mbuzi angelala pale miguu ingebaki nje.

Jilala, nsumba ntale mwenyewe, alipita njiani akasimama. Kijana mrefu, mabega kama milango, ila siku hiyo mabega yameshuka.

"Mayu, tuje watano?"

"Watano mtalima mpaka lini? Pombe itakuwa imeshakuwa siki."

"Tuje wote bila ngoma?"

"Wakukamate na wewe? Nenda, Jilala. Tarishi anakuja kesho, mwanangwa kaniambia."

Jilala akapiga teke kisiki, akaondoka anachechemea.

Basi kesho ikafika. Pombe ikanyamaza, maana ikishaiva inanyamaza, povu limekaa juu limetulia. Melania akaonja kwa kata. Tamu! Akataka kulia. Pombe nzuri kuliko zote alizowahi kupika, na haina mnywaji. Jua likapanda. Tarishi wa mtemi, Pantaleo, akaingia kijijini na baiskeli na kaptula yake ya kaki iliyopigwa pasi, akawa anazunguka kuangalia kama amri inafuatwa. Kila anapopita watu wanatawanyika kama kuku.

Ndipo ikasikika mwano.

Mwano ni ule ukelele wa hatari. Ukisikika Usukuma, unaacha ulichoshika. Unanyonyesha? Unaacha. Unakula? Unaacha. Unakimbilia unakotokea, na asiyekwenda anatozwa faini na kijiji kizima, na hakuna atakayemwitikia siku ya kwake. Na huu mwano ulikuwa unatoka lamboni, na sauti ilikuwa ya Scolastika, mke wa mwanangwa.

Melania akambeba Donatus akakimbia.

Lambo lilikuwa limekauka kiangazi chote, na mvua ya juzi ilikuwa haijaleta maji ya maana, imeleta tope tu. Tope zito, jeusi, la kunata. Katikati ya hilo tope, limezama mpaka tumboni, lilikuwa lile dume jeusi la Thobias. Linahema. Macho yametoka. Kila likijitikisa linashuka.

Thobias alikuwa ameshaingia mpaka magotini, kofia imeanguka huko, anavuta pembe. Scolastika yuko ukingoni anapiga kelele. Jilala na vijana watatu walikuwa wamefika kwanza, wanavua mashati, mmoja kashika kamba. Na nyuma ya Melania unasikia miguu, watu wanakuja, wanakuja, Didia nzima inakuja.

Melania akasimama ghafla. Hata yeye hakujua kama atasimama.

"Jilala! Mko wangapi hapo?"

"Mayu, ng'ombe anakufa!"

"Nakuuliza mko wangapi?"

Jilala akageuka kuwaangalia wenzake. Akarudi kumwangalia Melania. Mdomo wake ukaanza kuvutika upande mmoja, taratibu.

"Tuko watano, na mwanangwa."

"Basi mimi nikiingia ni siasa," Melania akasema, na akakaa chini. Kwenye majani, hapo hapo, akamtoa mtoto mgongoni akamweka mapajani.

Waliokuwa nyuma yake wakapunguza mwendo. Mzee mmoja akaguna, akakaa. Wengine wakakaa. Na hawakukaa ovyo, jamani! Walikaa kwa mafungu, watano hapa, watano pale, wameacha nafasi ya mbuzi kupita. Mwamvua alifika wa mwisho anahema, akataka kukaa kwenye fungu la karibu, akafukuzwa: "Hapa tumejaa, mama! Unataka tufungwe?" Akaenda fungu jingine anacheka mpaka anashika mbavu.

"Nyie!" Thobias akapiga kelele kutoka kwenye tope. "Hamkusikia mwano?"

"Tumesikia, mwanangwa," yule mzee akajibu. "Si tumekuja? Tupo."

"Njooni mvute!"

"Tukija tutazidi."

Thobias, Jilala na wale watatu wakavuta. Walivuta kweli, hawakufanya mzaha, ng'ombe ni ng'ombe. Kamba ikakaza, miguu ikateleza, wakaanguka chali wote kwenye tope. Dume likashuka kidogo tena. Scolastika akapiga yowe.

Vyura wa mvua mpya walikuwa wanalia lambo zima. Kijana mmoja akasema kwa sauti, "Mwanangwa, na hawa vyura wana kibali? Maana wamezidi sana."

Watu wakaangua kicheko. Ila hakuna aliyenyanyuka.

Thobias akageuza macho kumtafuta tarishi. Pantaleo alikuwa amesimama ukingoni na baiskeli yake, anaangalia kila kitu. Unaona Thobias alivyobanwa? Akisema tena njooni, amevunja amri yake mwenyewe mbele ya jicho la mtemi. Asiposema, dume linazama.

Scolastika akashuka ukingoni, kanga imeshaloa. "Thobias! Neno lilitoka mdomoni mwako. Lirudishe mdomoni mwako! Au unataka Bwana Shauri ndiye aje akuvutie ng'ombe?"

"Nyamaza, mke wangu!"

"Sinyamazi!"

Dume likatoa sauti, sio mlio wa ng'ombe, ni kama mtu mzima anayekohoa. Hapo Thobias akavunjika.

"Njooni," akasema.

Melania moyo unamdunda mpaka mtoto mapajani akamwangalia usoni. Lakini akauliza.

"Nani aje, baba?"

"Watu."

"Wangapi?"

"Wote!"

"Mpaka saa ngapi? Isije tukakamatwa katikati."

"Mpaka jua lizame!" Thobias alikuwa karibu kulia. "Wote, mpaka jua lizame, nimeruhusu mimi! Bwana tarishi, umesikia, ni ng'ombe tu huyu…"

"Mimi naona ng'ombe," Pantaleo akasema. Halafu akalaza baiskeli, akatazama kaptula yake kwa huzuni, akaingia kwenye tope.

Basi Didia ikanyanyuka. Yaani ilinyanyuka yote mara moja, mafungu yakavunjika, wanaume kwenye kamba, wanawake wanarusha majani na matawi chini ya miguu ya dume lipate pa kukanyaga. Mtu akakimbilia ngoma ya Jilala bila kutumwa. Ngoma ikaanza, moja, moja, moja, kila pigo ni mvuto. Kamba mbili. Kamba tatu. Tope likafyonza, likang'ang'ania, likaachia. Dume likatoka kwa magoti, likatoka kwa miguu, likasimama ukingoni linatetemeka, jeusi juu ya weusi, na Thobias kalikumbatia shingo. Vigelegele!

Lakini ngoma haikunyamaza.

Jilala alikuwa ameichukua mwenyewe sasa. Alikuwa amebadilisha mapigo. Kila Msukuma pale anayajua yale mapigo, anayajua kwa miguu kabla ya masikio. Ni ya jembe. Vijana wakaangaliana. Mmoja akaanza kukimbia kwao. Mwingine. Wanafuata majembe.

"Mnakwenda wapi?" Thobias akauliza.

"Jua bado liko juu, mwanangwa!"

"Mimi niliruhusu lambo!"

"Aa, ulisema watu wote mpaka jua lizame," Mwamvua akasema. "Lambo hukulitaja. Muulize tarishi."

Pantaleo alikuwa anakamua kaptula. "Nilisikia watu wote," akasema. Halafu akamsogelea Melania, akanong'ona, "Mama, eti ni kweli imeiva?"

Melania alikuwa ameshaanza kukimbia.

Sasa kulima mchana sio kulima asubuhi. Jua liko utosini, udongo umeanza kukaza, watu wametoka kuvuta ng'ombe wamechoka. Na shamba la Nkwabi sio dogo. Mstari ulianzia barabarani, majembe yanapanda pamoja yanashuka pamoja, Jilala mbele yao anaruka na ngoma, anawatania: "Wewe, unalima au unamkuna mgongo mama yako?" Melania anapita na kata, anawapa mafunda mawili mawili wasilewe, anageuka kuangalia nyasi zilizobaki, anageuka kuangalia jua, anarudi mtungini. Hawezi kukaa. Anahesabu kwa macho: mpaka kichuguu, bado. Mpaka mgunga, bado. Kivuli cha mgunga kinarefuka kinakuja kama mtu anayemfuata.

Scolastika akatokea na jembe lake, tope limemkaukia mpaka mashavuni. Akaingia kwenye mstari.

Na Thobias akaja pia. Akasimama pembeni, kofia kichwani, mikono nyuma. Pantaleo akaja kusimama karibu naye, sasa kavaa uso wa kazi, maana pombe ilikuwa imemkata kiu na kazi ilikuwa imemrudia.

Ilibaki kona ya mwisho, kupita ule mgunga, nyasi ndefu kuliko zote. Hapo jua likagusa vilima. Likabaki nusu. Likabaki ukucha. Likaenda.

Ngoma ikayumba.

Mtu mmoja akasimamisha jembe. Mwingine naye. Wakaanza kuangaliana, wanajiona walivyo wengi, kwenye shamba la mfungwa wa siasa, tarishi kasimama pale. Kijana mmoja akaanza kurudi nyuma kuelekea njiani. Kuku walikuwa wanapanda miti kulala. Hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Melania ndiye ambaye hakusimama. Alikuwa ameshamfunga mtoto mgongoni, ameingia konani, analima. Jembe moja linasikika peke yake. Halafu mawili, Scolastika.

"Mwanangwa," Pantaleo akasema, na safari hii hakuwa na mzaha, "jua limezama?"

Thobias akaangalia magharibi. Kule kulikuwa na wekundu tu. Akaangalia mikono yake, ina tope kwenye kucha bado. Akamwangalia mke wake aliyemgeuzia mgongo.

"Mwanangwa wa hapa ni nani?" akamuuliza tarishi.

"Ni wewe."

"Basi mimi naliona jua." Akakohoa. "Bado halijazama."

Pantaleo akachungulia magharibi. Akachungulia tena, kabana jicho moja. Akajikuna kisogo.

"Macho yangu mabovu," akasema, akaenda kuulizia mtungi.

Thobias akavua kofia akaitundika kwenye mwiba wa mgunga. Akaingia konani, akanyoosha mkono, hana jembe. Melania akanyanyuka, kiganja kinamchuruzika damu, akampa la kwake.

"Shika hapa juu, baba. Mpini una ufa."

Jilala akaipiga ngoma.